«Ulimsaidia namna gani?» Nyakati za kitenzi katika jibu la mahojiano ya kazi

Kati ya maswali yanayowakuta wahitimu wetu mbele ya kamati ya kuajiri, liko moja ambalo kwa sura ni rahisi kupita yote: «Tueleze siku ambapo mfanyakazi mwenzako alilemewa na kazi au na mawazo. Ulimsaidia namna gani?» Mwombaji hulisikia akafurahi. Nani asiyejua kusaidia? Amelelewa katika nyumba yenye watu wengi, amelala chumba kimoja na wanafunzi watano, ameuguza na kuzika pamoja na majirani. Basi hujibu kwa moyo mweupe, na mara nyingi jibu lake halipati hata nusu ya alama. Katika makala haya tungependa kuonyesha sababu. Kwa maoni yetu tatizo si upungufu wa utu. Kwa sehemu kubwa ni jambo la sarufi. Swali limeulizwa kwa wakati mmoja wa kitenzi, na jibu limetolewa kwa wakati mwingine.

Pengine msomaji atasema kwamba mahojiano ya kazi nchini mwetu hufanyika zaidi kwa Kifaransa, kwa hiyo jambo hili liwahusu walimu wa Kifaransa. Sivyo kabisa. Kwanza, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na katika kazi nyingi za Katanga na Kivu mwajiri anataka kusikia jinsi mwombaji atakavyosema na wagonjwa, wakulima au wachimbaji kwa lugha yao. Pili, mtu aliyezoea kuwaza juu ya msaada kama desturi atausema kama desturi katika kila lugha atakayotumia.

1. Swali lilikotoka

Wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanakumbuka wakati ambapo swali kama hili halikuwa na nafasi. Mtoto wa mfanyakazi alisoma katika shule ya kampuni, alijulikana na walimu wake, na alipofika umri wa kazi watu walimjua baba yake. Utaratibu ule ulidhoofika polepole. Sheria ya Migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampuni mpya, na mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Upande wa Kivu, tangu mwaka 1994 mashirika ya misaada yalifika kwa wingi. Hao wote walikuja na karatasi zao za kuajiria, na katika karatasi hizo maswali yamekwisha kuandikwa, kila mwombaji anaulizwa yale yale, na kila jibu linapewa alama.

Fikra yenyewe ni ya zamani kuliko karatasi hizo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan, aliyekuwa amechunguza kazi ya marubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alieleza njia ya kukusanya matukio: badala ya kumwuliza shahidi kama rubani fulani ni hodari, anaombwa asimulie jambo moja ambalo rubani alilifanya, likaleta mafanikio au hasara. Sifa haipimiki, tendo linaweza kupimwa. Mwaka 1980 Gary Latham na wenzake walitoa namna ya kumhoji mwombaji kwa kumwekea hali ya kubuni: «Ungefanya nini kama...?» Mwaka 1982 Tom Janz akapendekeza njia nyingine, ya kumwuliza yaliyopita: «Ulifanya nini wakati...?»

Je, njia hizi zina maana kweli, au ni mtindo tu wa watu wa nje? Frank Schmidt na John Hunter, walipokusanya utafiti wa miaka mingi mwaka 1998, walikadiria kwamba uhusiano kati ya alama za mahojiano yaliyopangwa na ubora wa kazi baadaye ni 0,51, na kwa mazungumzo yasiyopangwa ni 0,38. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirekebisha hesabu hizo. Mahojiano yaliyopangwa yalishuka hadi 0,42, lakini yalibaki mbele ya njia nyingine zote zilizolinganishwa, na yale yasiyopangwa yalianguka hadi 0,19. Kwa hiyo mwombaji asidhani kwamba anafanyiwa mzaha. Swali lile lile lililoandikwa linamlinda pia yeye asiye na mjomba ndani ya kampuni.

2. -nge-, -li-, hu-

Hapa ndipo Kiswahili kinatusaidia kuona wazi. Lugha yetu hutenganisha kwa viambishi mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. «Ungefanya nini?» ni swali la -nge-: linaomba nia na hukumu. «Ulifanya nini?» ni swali la -li-: linaomba tendo lililokwisha kutendeka, mahali fulani, siku fulani. Kisha kuna jibu la hu-, ambalo halikuombwa na mtu: «Mimi huwasaidia wenzangu.»

Katika Kiswahili cha Kongo desturi hiyo husemwa mara nyingi kwa kiishio -ka: «tunasaidianaka», «ninamusikilizaka». Mwanafunzi aliyefunzwa sanifu atabadili «tunasaidianaka» kuwa «sisi husaidiana», na mwalimu wake atampongeza. Sarufi imesafishwa, lakini kosa mbele ya kamati limebaki pale pale, kwa sababu maneno yote mawili yanaeleza tabia. Tunawaomba walimu wasikilize jambo hili. Katika sanifu kuna -ka- nyingine, ile inayotangulia shina la kitenzi: «nikamwita, akakaa, akanieleza». Hiyo ndiyo inayohitajika, kwa maana inatoa tukio moja baada ya lingine mpaka mwisho. Mwanafunzi anaweza kuzichanganya hizo mbili kwa sababu ya sauti, ilhali kazi zake ni tofauti kabisa.

Tutazame jibu ambalo kila mtu aliyewahi kukaa katika kamati amelisikia:

«Mimi ni mtu wa watu. Mwenzangu akiwa na shida huwa namsaidia, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Kazini tunapaswa kupendana kama ndugu. Tena humshauri mtu asiwe na mawazo mengi, kwani mawazo huleta ugonjwa.»

Hakuna uongo hapa, na methali imewekwa mahali pake. Lakini anayeshika kalamu hana la kuandika. Nani alisaidiwa? Lini? Kwa tendo gani? Waombaji kumi wanaweza kutoa jibu hili neno kwa neno, na kamati haitajua nani kati yao alikwisha kumwinua mtu. Methali ni mali ya wote. Kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi wa mmoja.

3. Mwenzetu ana nini?

Kabla ya kuendelea, inafaa kujua jambo tunaloulizwa. Neno stresi limetufikia kupitia Kifaransa, ambacho nacho kililitwaa kwa Kiingereza. Sanifu ya siku hizi inapenda «msongo wa mawazo». Watu wa mijini kwetu husema kwa ufupi «iko na mawazo mingi», na sisi tunaona usemi huo una akili yake: mawazo yakizidi yanakuwa mzigo. Hata hivyo una upungufu, kwa sababu unaweka jambo lote kichwani. Hans Selye, aliyefanya utafiti wake Montreal, alionyesha mwaka 1936 kwamba mwili wote hujibu kwa namna moja unaposhambuliwa na madhara mbalimbali. Mwenzetu aliyelemewa haonekani kwa maneno yake kwanza. Anakosea hesabu aliyoijua, anafoka kwa jambo dogo, hali, hasinzii usiku na anasinzia mchana.

Tena si ugonjwa kila mara, na mwombaji asijifanye daktari. Katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, kule kuishiwa nguvu kunakotokana na kazi kumeandikwa kama jambo la kazini, wala hakukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Anayesema mbele ya kamati «niligundua kwamba ana ugonjwa wa akili» amejiharibia mwenyewe.

Kuhusu msaada wenyewe, mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine mawili, juu ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, umeweka vitenzi vitatu tu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Uliandikwa kwa ajili ya watu waliokumbwa na maafa, lakini vitenzi vyake vinaifaa ofisi pia. Kutazama ni kuona dalili na mahitaji. Kusikiliza ni kumpa nafasi bila kumlazimisha aseme. Kuunganisha ni kumfikisha kwa mtu au huduma yenye uwezo kuliko wewe. Zingatieni kwamba «kushauri» hakumo katika hivyo vitatu. Kumwambia aliyelemewa «usiwe na mawazo» ni kama kumwambia mwenye homa asiwe na joto.

4. Jibu lenye tendo

Sasa tutoe mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili. Anayesema ni mhitimu asiye na ajira bado. Amefanya mafunzo ya kazi tu. Anayemwuliza ni mama mwenye umri, mkuu wa kamati.

«Asante, Mama. Mwaka jana nilifanya mafunzo ya miezi mitatu katika depo ya dawa ya hospitali. Tulikuwa wawili kwenye meza ya kupokea mizigo, mimi na mama mmoja aliyenitangulia kwa miaka mingi. Katika juma la kuhesabu dawa za mwisho wa mwezi, niliona ameandika idadi ile ile kwenye fishi tatu tofauti, naye si mtu wa kukosea. Saa ya chakula hakutoka. Nikamkaribia, nikamwambia: "Mama, naona leo kazi imekuwa nzito. Nikusaidie wapi?" Alinyamaza kwanza, kisha akasema ana jambo nyumbani. Sikumwuliza ni jambo gani. Nilikaa naye karibu robo saa, nikamsikiliza. Baadaye tukagawana kazi iliyobaki: mimi nikahesabu kwenye rafu, yeye akaandika, na zile fishi tatu tukazirudia pamoja. Nilimwuliza kama angependa kumweleza mkuu wetu. Alikubali, ila hakutaka kwenda peke yake, nikamsindikiza hadi mlangoni. Alipewa siku mbili za kupumzika. Hesabu ilifungwa Ijumaa badala ya Alhamisi.»

Jibu hili linasemwa kwa dakika mbili hivi. Vitenzi vitatu vya mwongozo vimo vyote, ingawa msemaji hakuvitaja. Ameona (fishi tatu, chakula kilichoachwa), amesikiliza (robo saa, bila udadisi), ameunganisha (mlango wa mkuu). Kila -li- inaweka jambo moja chini, kila -ka- inalisogeza mbele. Hata vikanushi vina uzito: «sikumwuliza» ni tendo kamili, pengine ndilo bora kuliko yote. Na mwisho wake ni wa kawaida. Hesabu ilichelewa siku moja. Mwombaji anayesema kwamba kwa msaada wake idara nzima ilibadilika hatasadikiwa. Yule wa Ijumaa badala ya Alhamisi atasadikiwa, kwa sababu hakuna mtu anayebuni kasoro ndogo namna hiyo.

Waongozaji wa waombaji kazi hufundisha mpango wa hatua nne: hali, jukumu, tendo, tokeo. Mpango huo ni mzuri kwa kupanga kumbukumbu, lakini tumeona wanafunzi wanaotumia nusu ya muda wao katika hali, wakieleza historia ya hospitali na idadi ya majengo, na tendo likapewa sentensi moja. Tendo ndilo lipewe nafasi kubwa.

5. Nani alitenda?

Jambo lililo gumu zaidi kwa watu wetu ni nafsi ya kwanza umoja. Mtu aliyelelewa vizuri hasemi «mimi, mimi» mbele ya wakubwa. Hivyo husema «tulimsaidia», au hukimbilia kauli ya kutendwa: «alisaidiwa, akapewa moyo». Kamati husikia msaada bila msaidizi. Hatushauri mtu aache adabu yake. Kiswahili kinatoa njia: kusema «tuli-» pale ambapo kweli walikuwa wengi, na «nili-» pale ambapo ni yeye. Katika mfano wetu «tukagawana» na «tukazirudia» ni za wote wawili. «Niliona», «nikamkaribia», «nikamsindikiza» ni zake. Kiambishi ni- peke yake kinatosha. Hakuna haja ya kukitanguliza neno «mimi». Kujisifu kunaanza pale mtu anapotaja sifa, si pale anapotaja tendo.

Kwa upande mwingine, kauli zinazomficha mtendaji zina kazi yake halali, nayo ni kueleza chanzo cha shida. Mara nyingi mwenzetu amelemewa kwa sababu ya mkuu mkali, au kwa sababu mishahara ya miezi kadhaa haijatoka. Ni hali ambayo wasomaji wetu wa chuo kikuu hawahitaji kuelezwa. Mwombaji aseme kweli, lakini hakuitwa pale kumshtaki mwajiri wake wa zamani. «Mishahara ilikuwa imechelewa» inatosha, na si uongo. «Mkurugenzi alikula mishahara yetu» inaweza kuwa kweli pia, ila mhoji atajiuliza siku moja atasemwa vipi yeye mwenyewe. Tunakiri kwamba kuna uonevu kidogo katika shauri hili: anayetafuta kazi anafunga mdomo, na aliyemnyima mshahara hatajwi. Lakini mahali pa mashtaka ni kwa mkaguzi wa kazi au kwenye chama cha wafanyakazi.

Siri ya mwenzetu ni jambo la karibu na hilo. Lubumbashi ni mji mkubwa, lakini idara ni ndogo, na ukisema «katibu wa ofisi fulani ambaye mume wake alimwacha» huenda mmoja wa wahoji ni shemeji yake. Mwombaji amtaje kwa kazi yake tu, na shida yake kwa neno pana: «jambo la nyumbani», «ugonjwa katika familia». Wako wahoji wanaoendelea kuuliza kusudi: «Alikuwa na shida gani hasa?» Wengine wanafanya hivyo kwa udadisi, wengine kwa kupima. Kwa vyovyote jibu ni moja: «Uniwie radhi, Mama, alinieleza kwa siri.» Hatujui sentensi inayoweza kuthibitisha zaidi ya hiyo kwamba huyu mtu anaweza kuaminiwa na wenzake.

Lakini siri ina mpaka, na kamati za migodi na za hospitali hupenda kuugusa. Dereva wa lori kubwa la mgodini hajalala siku mbili, anakuomba usimwambie mtu. Muuguzi amechanganya dawa kwa sababu ya uchovu, anakusihi mfiche pamoja. Hapo kunyamaza kunaacha hatari mahali pake. Jibu linalofaa ni kusimamisha kazi kwanza, kisha kumwambia mwenzako wazi kwamba utamjulisha msimamizi, na kwenda pamoja naye kama anakubali. Vilevile kubeba kazi yote ya mwenzako kwa miezi bila mtu kujua hakuhesabiwi kuwa msaada. Mkuu haoni kwamba kazi ile inahitaji watu wawili, na mwishowe waliolemewa wanakuwa wawili.

6. Asiyewahi kuajiriwa

Wanafunzi hutuuliza: nitasema nini, nami sijawahi kuwa na mfanyakazi mwenzangu? Swali lao ni la haki, lakini neno «mwenzako» ni pana. Kikundi cha kutayarisha kazi ya mwisho wa masomo kina wenzako. Kwaya inayo, na likelemba inayo mweka hazina ambaye hulemewa hesabu zisipolingana. Mwanafunzi aliyefanya zoezi la kufundisha katika shule ya sekondari, akaona mwalimu mwenziwe anatetemeka kabla ya kukaguliwa, akakaa naye jioni kupitia somo lake, ana hadithi nzuri kuliko mkuu wa idara mwenye methali kumi. Anachotakiwa ni kusema wazi kwamba ilikuwa shuleni au kwenye kwaya, asijidai kwamba ilikuwa ofisini.

Hadithi ya kubuni tunaikataa, kwanza kwa sababu ni uongo, na pili kwa sababu haihimili swali la pili. Mhoji mzoefu huachia jibu limalizike, kisha hurudi nyuma: «Yeye alikujibu nini ulipomwambia hivyo?» «Saa ngapi?» «Na kama angekataa msaada wako?» Maswali mawili ya kwanza ni ya -li-, na aliyekuwapo anayajibu bila kufikiri. La tatu ni la -nge-, na hapo ndipo mwombaji ana ruhusa ya kusema nia yake: «Angekataa, ningemwachia nafasi, ningemwambia kwamba nipo, na kesho yake ningemtazama tena.»